Nani Alilipia Vumbi la Safari Rally?

Semista iko wiki ya sita, bumu bado halijasoma, na chumbani kwetu tunakula ndizi asubuhi na jioni kama vile tumekula kiapo. Lakini leo silii njaa. Leo ni historia.

Kwenye semina ya historia ya uchumi ya Afrika Mashariki kila mtu alitakiwa kuleta mada. Wengine wakaleta kahawa (Bukoba bwana, hapa kahawa haikosi), wengine reli, wengine karafuu za Zanzibar. Mimi nikaleta mashindano ya magari. Darasa likacheka. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akasema hiyo ni michezo, nipeleke kwa watu wa elimu ya viungo. Mwalimu wetu hakucheka, alisema neno moja tu: "Sawa, ila utuonyeshe fedha iko wapi."

Basi nimepiga msuli wiki mbili nikitafuta fedha. Nimeikuta, wadau. Na pembeni ya fedha nimekuta mambo mengine, mpaka vita yetu ya Kagera imo. Kaeni mkao wa kusoma, leo ni ndefu.

Tuanze 1953. Uingereza inajiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth tarehe 2 Juni. Nairobi kuna bwana anaitwa Eric Cecil, mtu wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, ana binamu yake Neil Vincent. Cecil alikuwa anatafuta washiriki wa mbio za uwanjani, zile za kuzunguka palepale. Vincent akamjibu kwamba kuzunguka kona zilezile kunamchosha, ila kama yangekuwepo mashindano ya mtu kutoka nyumbani kwake, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani ndiye mshindi, yeye angekuwemo. Hapo ndipo wazo lilipoanzia. Wakachukua sherehe za kutawazwa malkia kama kisingizio, na tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953 yakafanyika mashindano ya Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sasa angalieni hali ilivyokuwa. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Watu wanakamatwa, wanawekwa kambini, na huku wengine wanapeperusha vibendera na kukimbiza magari kusherehekea taji. Nchi ileile, mwaka uleule. Walioshindana walikuwa walowezi, wakulima wakubwa, wauza magari na wenye gereji. Mwafrika alikuwepo pia, ila kwenye historia iliyoandikwa utamkuta pembeni mwa barabara, akisukuma gari lililozama kwenye tope.

Fedha yenyewe iko kwenye kanuni, na hapa ndipo niliposema aha. Mashindano mengi ya Ulaya huyapanga magari madaraja kwa ukubwa wa injini. Hawa wa Nairobi waliyapanga kwa bei ya dukani. Gari la bei ya chini linashindana na la bei ya chini, la bei kubwa na wenzake. Na yalitakiwa kuwa magari ya kawaida, kama yalivyotoka kwa muuzaji. Yaani mnaona? Haya hayakuwa mashindano tu, yalikuwa gulio. Mteja wa Kampala, Mwanza au Bukoba anayeishi barabara ya vumbi kiangazi na tope masika hataki kujua gari lina kasi gani kwenye lami ya Ufaransa. Anataka kujua: kwa hela niliyonayo, lipi litanifikisha nyumbani? Safari ilimjibu swali hilo kila mwaka, baadaye kila Pasaka, mvua zikiwa zimepamba moto.

Na jibu la kwanza lilikuwa Volkswagen, kale kagari kanakofanana na mende. Kalishinda 1953, 1954, 1957 na 1962. Sababu ni ya kifundi na inaeleweka: injini iko nyuma, uzito wote umekalia matairi yanayosukuma, kwa hiyo kwenye tope kanang'ata pale wenzake wanapoteleza. Halafu injini inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta ya kutoboka na kumwaga maji porini. (Kichekesho kidogo: 1956 mshindi alikuwa Eric Cecil mwenyewe, mwanzilishi, na DKW. Hapa kwetu ungesikia maneno mwezi mzima.)

Wakati huohuo, ng'ambo ya ziwa, Bukoba nayo ilikuwa inaijua hela. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda baada ya vita kuu, chama cha ushirika cha BNCU kiliandikishwa 1950, na wakulima wa Kihaya walikuwa wanajenga nyumba za bati na kununua baiskeli, wenye nguvu wakinunua magari. Kwa hiyo wadau mkisikia "soko la magari la Afrika Mashariki" msifikirie Nairobi peke yake. Kahawa ya Kamachumu nayo ilikuwa inanunua matairi.

Sasa niwaletee mtu ninayempenda kuliko wote kwenye historia hii. Joginder Singh, jina la ukoo Bhachu, alizaliwa Kericho mwaka 1932, baba yake akiwa fundi mwenye gereji. Wazee wanajua usemi wa "fundi Kalasinga". Wasikhi wengi walikuja kujenga reli wakabaki kuwa maseremala, wahunzi na mafundi wa magari wa nchi tatu zote hizi. Joginder alikulia kwenye grisi. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant wakaingia na Volvo PV544, na gari hilo halikuwa jipya. Kiwanda cha Volvo kilikuwa kimelileta kwa Safari ya 1964, kikalitumia, kikaliacha. Wakina Singh wakalichukua likiwa limetumika, wakalifungua, wakalifunga upya, wakashinda. Mtumba umeshinda! Kila mtu anayeendesha gari la Kijapani la mkono wa pili hapa Kashozi Road aweke picha ya Joginder kwenye kioo.

Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hiyo ya 1974 ndiyo iliyoipa Mitsubishi ushindi wake wa kwanza kwenye ubingwa wa dunia, na 1976 Lancer zikashika nafasi ya 1, 2 na 3. Watu walimwita Simba wa Kenya. Siri yake haikuwa kukanyaga mafuta. Alimaliza Safari 19 kati ya 22 alizoanza, na kumaliza kwenyewe ilikuwa kazi, maana 1963 yalifika magari saba tu, na 1968 tena saba tu. Alikuwa anasikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Alifariki London Oktoba 2013.

Linganisheni na wageni. Miaka 19 mfululizo madereva wakubwa wa Ulaya walikuja, wakapigwa. Pat Moss, mdogo wake Stirling Moss, alishika nafasi ya 3 mwaka 1962. Erik Carlsson wa Saab alishika ya 2 mwaka 1964, na ndiye yule aliyekwama kwenye tope akaamua na mwenzake kulibiringisha gari, likageuka mgongo, likasimama tena kwenye ardhi ngumu, wakaondoka! Watu hawakuamini mpaka akawaonyesha tena. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland na msoma ramani wake Gunnar Palm, 1972, kwa Ford Escort. Kabla ya hapo yalikuwa ya wenyeji.

Na wenyeji si Wakenya peke yao, hapa nawaomba Watanzania wenzangu mnyanyue vichwa. 1966 na 1967 Safari ilishindwa na mtu wa Dar es Salaam. Bert Shankland, Mskoti aliyehamia huku, fundi kwa kazi yake, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Mara mbili mfululizo! Nimeuliza bwenini watu kumi na wawili, hakuna aliyewahi kulisikia hilo jina. Mmoja akaniuliza kama ni mchezaji wa Arsenal. Tunafundishwa Filbert Bayi na ni haki yake kabisa, lakini huyu naye aliutoa ushindi huo Dar, tena mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Labda ndiyo sababu. Mzungu, gari la binafsi, mashindano yaliyozaliwa na taji la malkia: hivyo vitu havikukaa vizuri kwenye wimbo wa wakati ule. Sisemi walikosea kuuimba ule wimbo. Nasema mtu akishinda ameshinda.

Peugeot yenyewe ilifaidika kishenzi. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Mkiwauliza wazazi wenu habari za "Pijo" mtawaona wanatabasamu. Ilikuwa gari ya ofisi, gari ya padri, gari ya abiria, inapakia watu tisa na mikungu ya ndizi juu. Haikuja kwa bahati. Muuzaji alikuwa na ushahidi wa kumwonyesha mteja: hii ndiyo iliyofika.

Wajapani walilielewa somo hili haraka kuliko wote. Datsun walianza kuja 1963, magari yao yakafia porini. Hawakununa. Walikuwa wanakusanya vilivyovunjika, springi, shokapu, chasisi, wanarudi navyo kwao kuchunguza, mwaka unaofuata wanarudi. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, na Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 1600 SSS, 1971 wakashinda tena kwa 240Z. Kule Japani Safari ilikuwa kubwa mpaka ilitengenezewa filamu ya sinema mwaka 1969. Ukijumlisha mpaka 1982 Datsun walikuwa na ushindi mara saba. Barabara za Mbulu na milima ya Usambara zilikuwa maabara ya kiwanda cha Kijapani, bure, na wenye barabara hawakutoza hata senti. Hiyo sentensi niliisoma semina na darasa likatulia kidogo.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonikosesha usingizi.

Mwaka 1973 ndipo ubingwa wa dunia wa rali ulipoanza, na Safari ikawemo tangu mwaka huohuo wa kwanza. Fainali yake haijawahi kutokea nyingine ya namna ile: Shekhar Mehta na Harry Källström wa Sweden, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa kabisa. Kilomita elfu tano na kitu, sawasawa! Ikabidi iangaliwe nani aliyekwenda mbali zaidi mwanzoni bila adhabu, Mehta akapewa.

Huyu Mehta alikuwa nani? Alizaliwa Kampala mwaka 1945, Mhindi wa familia tajiri ya mashamba. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mehta na familia yake wakahamia Kenya. Kwa hiyo Pasaka ya 1973 anaposhinda, ana miezi tu tangu nchi yake imfukuze. Magazeti ya michezo yanaandika "Mehta wa Kenya", lakini ile ilikuwa nembo mpya iliyobandikwa juu ya kidonda.

Baada ya hapo barabara za nchi tatu zikaanza kufungwa moja moja. Uganda ya Amin haikuwa mahali pa kupeleka magari ya mashindano. Katikati ya miaka ya 70 Safari ikabaki Kenya peke yake, na neno "Afrika Mashariki" likadondoka kwenye jina. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Kwenye vitabu vyetu vya kidato cha nne sababu za kuvunjika kwa Jumuiya zinaorodheshwa moja hadi nane, tunakariri, tunajibu mtihani. Mimi naona ungeweza kufundisha somo zima kwa ramani za Safari: ramani ya 1953 nchi tatu, ya 1970 nchi tatu, ya 1977 nchi moja. Mtoto wa shule anaona kwa macho jumuiya ikisinyaa. Nikienda BTP nitajaribu, mwalimu mkuu akinifukuza nitawaambia.

Oktoba 1978 Amin akavuka mpaka akaingia kwetu. Wa hapa hamhitaji kuhadithiwa. Jeshi lake likafika mtoni Kagera, akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto ni lake, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Bibi yangu mzaa mama alivuka kabla daraja halijaanguka, mama yangu akiwa mchanga mgongoni, wakaja kwa miguu mpaka huku mjini na baadaye Muleba kwa ndugu. Bibi mpaka leo akisikia radi ya ghafla anashika mlango. Kila akisimulia anaanza na ng'ombe, anataja majina ya ng'ombe walioachwa, waitu, mmoja mmoja, halafu ndiyo watu.

Jeshi letu likajipanga, likavuka, likaenda. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Angalieni kalenda. Pasaka ya 1979 ilikuwa tarehe 15 Aprili. Safari Rally ilikuwa ya Pasaka. Yaani siku zilezile redio inatangaza Amin amekimbia, Nairobi magari yanaondoka jukwaani. Na aliyeshinda Safari hiyo ni nani? Shekhar Mehta, na Mike Doughty, kwenye Datsun 160J. Mtu aliyefukuzwa Kampala na Amin anashinda mashindano yaliyozaliwa kuzunguka nchi hizi tatu, wiki ileile ambayo Amin mwenyewe anafukuzwa Kampala na wanajeshi waliopita barabara yetu ya Kyaka na Mutukula.

Nilikaa na hizo tarehe mbili kwenye daftari usiku mzima. Mimi si mtu wa kuona ishara kila mahali, na Mehta alishinda kwa sababu ya gari zuri na kichwa kilichotulia. Lakini nilimsomea bibi kwa simu. Akauliza, "Huyo Mhindi alirudishiwa nyumba yake?" Ndiyo bibi yangu huyo, anaenda moja kwa moja kwenye mali.

Mehta akashinda pia 1980, 1981 na 1982, jumla mara tano. Baadaye aliongoza kamisheni ya rali ya shirikisho la magari la dunia, FIA. Alifariki London Aprili 2006.

Kwetu vita iliacha deni. Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18, mikanda haikufunguka mpaka watu wakazoea. Spea hakuna, mafuta kwa foleni, gari binafsi ni marufuku kutembea Jumapili mchana. Nchi iliyotoa bingwa wa 1966 na 1967 haikuwa na mafuta ya kwenda kanisani na kurudi. Mpaka na Kenya ulifunguliwa Novemba 1983, na kufikia hapo Safari ilikuwa imeshakuwa mnyama mwingine kabisa.

Huyo mnyama wa miaka ya 80 nitampitia haraka, maana habari zake zimejaa kila mahali. Viwanda viliingia wenyewe: Toyota, Audi, Lancia, Nissan, Opel. Timu zinakuja majuma mengi kabla kufanya majaribio. Gari linajengwa maalumu kwa Safari tu, na bomba refu la kuvutia hewa juu ya maji, vyuma mbele vya kukabili ng'ombe, taa za mchana. Juu kuna helikopta, ndani ya helikopta mafundi na matairi, na mtu wa kumwambia dereva kwa redio: mbele kuna punda, mbele kuna basi. Barabara hazikufungwa, matatu na baiskeli zilikuwa humohumo. Pesa za tangazo zilitoka kwenye sigara, na kwa miaka kadhaa mashindano yenyewe yaliitwa Marlboro Safari Rally. Tajiri wa kijijini na gereji yake hakuwa na nafasi tena. Gari la mtumba la Joginder lisingefika hata kituo cha tatu.

Kuna mtu mmoja wa enzi hizo nataka mumjue, maana anaunganisha tope letu na mbio za juu kabisa. Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari ya 1975 kwa Peugeot 504. Ndiye pia aliyeanzisha timu ya Toyota ya Ulaya, ambayo baadaye makao yake yalikuwa Cologne, Ujerumani. Timu hiyo ikaja Safari ikashinda 1984, 1985, 1986, 1990, 1992, 1993 na kuendelea. Toyota walipoamua kuingia Formula 1 mwaka 2002 walimpa nani aongoze? Huyohuyo Andersson. Mzee wa springi na shokapu. Alifariki 2008 akiwa kwenye rali ya magari ya zamani Afrika Kusini. Toyota ya Formula 1 ilitumia mabilioni na haikushinda hata mbio moja, ikajiondoa 2009. Toyota ya Safari ilishinda mara nane mpaka 2002. Na leo simameni stendi ya Bukoba mhesabu: Hiace, Noah, Probox, michomoko yote ya kwenda Muleba na Karagwe. Mhesabu ambayo si Toyota. Vidole vya mkono mmoja vitatosha.

Mwafrika mweusi je? Huko semina ndiko nilikoulizwa kwa ukali, na swali ni la haki. Mwaka 1994 Patrick Njiru wa Kenya alishika nafasi ya 4 kwa jumla kwenye Subaru Impreza, mwaka ambao Mkenya mwingine, Ian Duncan, alishinda kwa Toyota. Toka 1953 mpaka 1994 ni miaka 41. Hakukuwa na bango la kukataza. Kulikuwa na bei ya gari, bei ya matairi, bei ya kulivunja gari na kununua jingine, na nani anayejuana na muuzaji. Wakati huohuo mafundi weusi waliokuwa wanalala chini ya hayo magari ya Wazungu na Wahindi, wanaotoa giaboksi kwa tochi saa nane usiku, majina yao hayamo kwenye orodha ya washindi. Kwenye picha za zamani unaona mgongo, au mkono wenye spana. Hawa ndio ningependa mtu aandike tasnifu juu yao kabla hawajaisha, na nasema hivyo kwa sababu mimi bado niko mwaka wa pili na siruhusiwi.

Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, aliyeshinda mara ya mwisho akiwa Colin McRae kwa Ford Focus. Sababu ya karibu ilikuwa fedha na maandalizi. Sababu ya mbali ilikuwa televisheni. Mwaka 2000 haki za biashara za mashindano hayo zilichukuliwa na kampuni ya David Richards, yule aliyekuwa msoma ramani wa Ari Vatanen kwenye ubingwa wa 1981 na mwanzilishi wa Prodrive. Sasa televisheni inataka barabara fupi zilizofungwa, kamera hapa, kamera pale, mshindi ajulikane kabla ya taarifa ya habari. Safari ilikuwa kinyume cha hayo yote: ndefu, wazi, imejaa vumbi, na nusu ya mambo yanatokea mahali ambapo hakuna anayeona isipokuwa mchungaji mmoja na mbuzi wake.

Ikarudi 2021, Naivasha, baada ya serikali ya Kenya kuvaa gharama. Hatua zenye kupimwa muda sasa ni kilomita mia tatu na kitu, si elfu tano. Toyota wakashinda 2021, 2022, 2023, 2024 na 2025, na 2022 na 2023 walichukua nafasi zote nne za juu. Kuna kijana wa Kenya anaitwa McRae Kimathi, amepewa jina la yule Mskoti, na 2022 alishindana hadi kwenye theluji ya Sweden katika ubingwa wa vijana. Jina la dereva linapewa watoto kama jina la mtakatifu, hapo mjue mambo yameingia damuni.

Na sisi tulioko upande huu wa ziwa tusidhani hayatuhusu. Desemba 2024 FIA walifanya mkutano wao mkuu na sherehe za tuzo Kigali, mara ya kwanza Afrika, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1, ambayo haijakanyaga Afrika tangu Kyalami 1993. Max Verstappen alikuwepo, na kwa kuwa alikuwa amepewa adhabu ya kutukana mbele ya waandishi wa habari, aliitumikia hukohuko Rwanda akiwa na vijana wa chama chao cha magari. Kigali, wadau! Unatoka hapa, unapita Muleba, Biharamulo, Ngara, unavuka Rusumo, umefika.

Kwa hiyo nina swali moja kwa wenye hela na wenye ofisi: uwanja wa namna hiyo ukijengwa kweli, saruji itapita barabara gani, malori ya nani, na fundi wa Bukoba atapata kazi ya spana au ya kusukuma? Nikilipata jibu nitaliandika hapa. Mtu akiwa na babu aliyewahi kuwa fundi wa timu yoyote ya Safari, hata kama alikuwa anashika tochi tu, aniletee jina lake na kijiji chake. Nauli ya kumfuata nitaitoa bumu likisoma.